Oiri ya Sifuri

Baba yangu hasemi "oili". Husema "oiri", na huitaja kwa heshima, kama mchungaji anavyotaja Maandiko. Mimi nauza oili mjini Kakamega, nina duka langu la spea nyuma ya soko, na mteja akiingia akasema "nipe oiri" humhudumia yeye kwanza, hata kama kuna mwenye suti anayenihimiza. Mwenye suti akinung'unika namwelekeza duka la jirani. Sina subira nyingi, na wateja wangu wanalijua hilo.

Jina langu ni Awinja. Nilipewa jina la mama yake Baba, kwa hiyo tangu nikiwa mchanga Baba huniita Mama. Wageni hushangaa kumsikia mzee mwenye mvi akimwita binti yake hivyo. Kwetu ni kawaida.

Baba ni mzee Osundwa wa Ekero. Miaka yote ya nguvu zake aliendesha trekta la miwa, akivuta tela kutoka mashambani hadi kiwandani. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha injini, alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakichovya tena, akachukua tone kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Kisha alifumba macho akalisugua taratibu. Akimaliza aliniita na kuniwekea tone kidoleni.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia, Baba."

"Inasema nini?"

Nilikuwa mtoto, ningejua nini? Nilisema imeshiba, au ina njaa, naye akacheka, akanieleza: hii imechoka, hii imeingia mchanga, hii imekunywa maji. Hakuwa akibahatisha. Mafundi wa yadi wenye vyeti vyao walikuwa wakimwita ashike oili kabla hawajafungua injini. Nilipofungua duka, watu walidhani nimesomea kazi hii chuoni. Chuo changu kilikuwa vidole vya Baba.

Lakini kuna sababu nyingine ya yeye kuvisikiliza vidole vile, na jina lake ni Wangila. Wangila alikuwa kijana kutoka Matete, aliyekaa nyuma ya trekta na kuweka jiwe chini ya gurudumu kila liliposimama mlimani. Asubuhi moja Baba alishika oili akaikataa. Mtu yadini alikuwa ameichanganya na dizeli ili kipimo kijae. Akamwambia msimamizi, "Hii si oiri, hii ni maji." Msimamizi akamjibu kwamba miwa inakauka shambani, aendeshe. Baba akaendesha. Walipofika mlimani na mzigo kamili, injini ikakamata, ikazima. Breki zikashindwa na miwa, tela likaanza kurudi nyuma. Wangila akaruka chini na jiwe lake, kama alivyofanya siku zote. Siku hiyo jiwe halikutosha.

Nakumbuka Baba alivyorudi nyumbani jioni ile. Hakula. Aliuweka mkono wa kulia juu ya goti akawa anautazama. "Viliniambia," alisema. "Vidole viliniambia, mimi nikavinyamazisha." Tangu siku hiyo hakupanda chombo chochote chenye injini bila kushika oili yake kwanza. Hata mwenye boda boda alingoja mzee achomoe kijiti, asugue, aitikie kwa kichwa, ndipo apakiwe. Watu walimcheka. Yeye hakujali, na mimi sikumcheka kamwe.

Uzeeni akapatwa na ugonjwa wa sukari. Watu wa Ekero hawakosi mzaha: walisema mzee amewavutia watu sukari maisha yake yote, sasa sukari imekuja kudai nauli. Alipewa dawa, akaambiwa aje kliniki mjini Kakamega bila kukosa. Mwanzoni alikuja vizuri. Baadaye akaanza kukosa. Nikimpigia simu alisema boda boda za siku hizi zina oiri mbaya. Nikamwambia apande gari la abiria, akasema madereva wa siku hizi hawamruhusu mtu kufungua boneti. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba sukari haimngojei mtu akague injini. Akaniuliza habari za duka.

Basi nikaamua kununua gari. Sikulinunua kwa fahari, nililinunua liwe miguu ya Baba. Kila siku ya kliniki ningefika Ekero mwenyewe, nimchukue, nimrudishe, na visingizio viishe. Lilikuwa gari jipya kwa maana yetu ya Kenya: Mjapani amelitumia, limeshuka Mombasa, limepata namba mpya, na mwenyewe hataki mtu aguse rangi. Kabla ya safari ya kwanza nilimpa Phineas, fundi ninayemwamini kuliko wote mjini, tukamwaga oili ya zamani tukaweka nyingine. Sikuhitaji kumuuliza mtu ni ipi. Kwenye kifuniko cha injini waliolitengeneza wameandika 0W-20, oili nyepesi kabisa, na mimi ndiye ninayewafokea watu dukani kila siku wasome kifuniko. Mtu anakuja na gari lililotoka bandarini juzi, anasema "nipe twenti", akimaanisha twenti-fifti, oili nzito aliyozoea kuweka kwenye pikapu ya marehemu baba yake. Nikimwambia gari lake linataka ziro-twenti, anadhani namuuzia kitu kilichotiwa maji.

Sikujua kwamba mteja mgumu kuliko wote yuko nyumbani kwetu.

Siku ya kliniki nilifika Ekero mapema. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani na gambuti miguuni, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Alilizunguka gari, akalisifu, akaliombea maombi marefu mpaka nikaanza kutazama saa. Kisha akasema nifungue boneti.

"Imewekwa oiri gani?"

"Ziro-twenti, Baba."

"Ziro ndiyo nini?"

"Sifuri."

"Sifuri," akarudia. "Mama, nilikulipia karo miaka yote hiyo ndio uniletee sifuri nyumbani?"

Nilicheka, nikadhani anatania. Nikamwonyesha kifuniko. "Soma mwenyewe. Aliyelitengeneza ndiye aliyeandika."

"Aliyeandika hajaona mlima wetu."

"Baba, njia za hii injini ni nyembamba. Ile foti yako nzito ya trekta kwake ni ugali, ni obusuma, na hii inakunywa uji. Ukimlisha mtoto mchanga obusuma si atakwama?"

"Na mtu mzima ukimpa uji, atalima?"

Nilichomoa kijiti, nikakifuta, nikakichovya, nikamwelekezea. "Haya, shika mwenyewe. Uliza vidole vyako."

Hakukipokea. Aliingiza mikono yote miwili katika mifuko ya koti. "Sina haja," alisema. "Sifuri haishikwi. Weka foti, nitapanda. Bila foti sipandi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Tulibishana mpaka jua likapanda na saa ya kliniki ikapita. Nilisema maneno ambayo binti hapaswi kumwambia babake. Nilimwambia kwamba ukaidi wake utamuua, na kwamba Wangila hafufuki kwa foti. Hapo alinigeuzia mgongo, akaenda kukaa kwenye kiti cha trekta kuukuu alichokichomeka mbele ya nyumba. Nilirudi mjini peke yangu, kiti cha abiria kitupu, kwa hasira. Kuhusu ile mikono aliyoificha mfukoni sikufikiri lolote.

Phineas aliposikia alicheka. "Weka foti, mzee apande. Jioni tunaimwaga. Injini haitakufa kwa siku moja."

Alikuwa sahihi, haiwezi kufa kwa siku moja. Lakini Baba hangepima siku moja. Angepima kila safari, na kila safari foti ingeng'ang'ania mle ndani asubuhi ya baridi wakati vyuma vya juu vinasagana vikavu. Gari lingechakaa polepole, mpaka liharibike siku ambayo Baba analihitaji zaidi. Foti ingemleta kliniki mara kadhaa, kisha imwache barabarani. Sifuri ingemleta miaka mingi, na sifuri hataki kuipanda. Nililala na jambo hilo, nikaamka nalo.

Mwisho nilichukua galoni tupu ya foti, nikaisafisha, nikaijaza ziro-twenti.

"Mzee atakushika," Phineas alisema. Safari hii hakuwa anacheka. "Vidole vyake navijua. Alinishikia injini ya lori nikiwa bado najifunza kazi."

"Akinishika nitatukanwa, nitarudi."

Na kusema kweli, nilijua atanishika. Labda nilitaka anishike, aone jinsi nilivyofika mwisho wa akili, anihurumie apande. Ningekubali lawama zozote mradi afike kwa daktari.

Tulikwenda Ekero pamoja. Nilimsalimia Baba, nikamwomba radhi kwa maneno ya Wangila, naye akaitikia kwa upole. Nikamwambia nimekubali, nimeleta foti. Uso wake ulifunguka. Phineas akalala chini ya gari, akamwaga ile oili yote mbele ya macho yake, akafunga nati ya chini, akamimina kutoka kwenye galoni ya foti. Akawasha injini kidogo, akaizima, tukangoja ishuke. Baba akanyoosha mkono.

"Lete kijiti."

Safari hii alikipokea mwenyewe. Alichukua tone, akafumba macho, akasugua. Alisugua kwa muda mrefu. Niliandaa maneno ya kujitetea.

"Hii ndiyo oiri," alisema.

Sikuamini masikio yangu. "Inasema nini, Baba?"

"Inasema imeshiba. Nzito, Mama. Hata ule mlima wa Wangila itapanda."

Phineas aligeuza uso akajifanya anakusanya spana. Mimi nilifurahi, na furaha yenyewe haikukaa. Kidole changu kilikuwa na oili iliyomwagikia nje ya galoni, nikaisugua bila kufikiri. Iliteleza ikapotea, nyepesi kabisa. Aliyewahi kushika foti hata mara moja hawezi kudanganyika. Mimi mwenyewe nikiwa mtoto, nikisimama kando ya trekta na kidole kimoja, nisingedanganyika. Na yule ndiye aliyenifundisha.

Nikautazama mkono wake. Kwenye ncha za vidole kulikuwa na malengelenge, mengine yamekauka, moja bado bichi. Nilikuwa nimeyaona kabla, nikajiambia kwamba ni mzee mjane anayejipikia obusuma na hana uangalifu na sufuria.

"Baba, hapa uliungua lini?"

Aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa jirani. "Hapo? Sijui. Ni moto tu."

"Vua gambuti."

"Za nini? Twende, tutachelewa."

"Baba, vua gambuti."

"Mtoto hamvui babake viatu."

Nilipiga magoti matopeni nikamvua mwenyewe. Gambuti la kushoto lilitoka bila shida. La kulia lilitoa harufu kabla halijatoka, na Phineas akarudi nyuma. Soksi ilikuwa imegandamana na nyayo. Ndani ya gambuti kulikuwa na nati ndogo yenye kutu, moja ya zile takataka za trekta alizokuwa akizihifadhi kwenye kibanda, na ilikuwa imejichimbia shimo chini ya vidole vya mguu wake. Aliikanyaga sijui muda gani, akaenda nayo shambani, akaenda nayo kanisani.

"Hiyo imetoka wapi?" Baba aliuliza. Hakuwa anajifanya. Alikuwa kweli haijui.

Tulimfunga mguu kwa shuka safi, tukampakia. Njiani alikuwa mtulivu kuliko sisi. Tulipopanda mlima wa kwanza alinigusa bega. "Unaona inavyopanda? Foti hiyo. Nilikuambia." Phineas kwenye kiti cha nyuma aligeukia dirisha. Mimi niliendesha huku machozi yananishuka, nikajifanya jua linaniumiza macho.

Hospitalini alipokelewa na nesi aliyeitwa Cherono, mama mpole mwenye sauti ya chini. Alimlaza Baba, akamwambia afumbe macho, akachukua uzi mgumu wa nailoni akaanza kumgusa nyayo kwa ncha yake.

"Unasikia hapa, mzee?"

"Nasikia."

"Na hapa?"

"Nasikia sana."

Nilikuwa nimesimama kichwani pake, nikaona kila kitu. Nesi alimgusa kisigino, kisha akauinua uzi ukawa hewani, haugusi kitu chochote.

"Na sasa?"

"Nasikia, mwanangu. Nasikia vizuri."

Cherono alinitazama akaushusha uzi. Alipohamia kwenye vidole vya mikono, ikawa vilevile.

Daktari alikuja, akafungua kidonda, akakitazama kwa muda. Alitueleza polepole. Uozo ulikuwa umeingia kwenye mfupa na ulikuwa unapanda. Wakikata mbele ya mguu sasa, kisigino na mguu wenyewe vitabaki. Wakingoja, watakata chini ya goti, au juu yake, au hawatapata cha kukata. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mguu unaosikia haukatwi," alisema. "Muulize nesi. Nimesikia kila mahali."

Daktari alijaribu kwa maneno ya kitaalamu, akajaribu kwa maneno ya kawaida. Nesi naye akajaribu, akamwambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Baba alibaki palepale. Mguu wake ni mzima, unataka dawa tu, arudishwe Ekero. Daktari akasema hawezi kumkata mtu mwenye akili timamu anayekataa, akatuacha tuzungumze, akasisitiza tusizungumze mpaka kesho.

Niliketi kando ya kitanda. Nilijua kuna neno moja tu litakalomfikia, na nilijua ni kitu gani litakivunja. Kila kitu kingine alikuwa ameshapoteza: mke, kazi, kiwanda chenyewe kilichokuwa kikinguruma usiku kucha. Alibakiwa na vidole. Nami ndiye niliyekuwa nimevishikisha uongo.

"Baba," nilisema, "ile oili haikuwa foti."

Alinigeukia polepole. "Ilikuwa nini?"

"Sifuri. Niliitia kwenye galoni ya foti."

Nilingoja matusi. Nilitamani matusi. Yeye aliinua mkono wake wa kulia, akausogeza karibu na uso, akasugua kidole gumba na cha shahada bila kitu katikati. Alisugua hivyo kwa muda.

"Najua vimekufa, Mama," alisema hatimaye. "Vilianza kunyamaza wakati wa kupanda mahindi. Nilikuwanga nashika oiri ya boda boda, nauliza, kimya. Nauliza tena, kimya. Unafikiri niliacha kliniki kwa ukaidi? Nitapandaje kitu ambacho siwezi kukiuliza?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Kwamba Osundwa hajui oiri?"

Nikamuuliza lile lililonisumbua. "Sasa mbona ulidai foti? Kama huzisikii, si zote ni sawa?"

"Foti naijua," alisema. "Nimekaa nayo maisha yangu yote. Hata bila vidole najua itafanya nini mlimani. Hiyo sifuri yako labda ni nzuri, Mama, sikatai. Lakini ni mpya kwangu, ningehitaji kujifunza, na sikuwa na kitu cha kujifunzia. Na wewe ndiye ungekuwa kwenye usukani."

Nikakumbuka ile mikono mfukoni. "Lakini leo ulishika. Ulisugua mpaka mwisho. Ukasema ni nzito, imeshiba."

"Ulisema ni foti."

"Nilisema."

"Basi." Aliurudisha mkono kwenye blanketi. "Vidole vyangu vilikuwa kimya. Nikasikiliza wewe."

Nimetukanwa na wateja walevi, nimeitwa mwizi na watu wasionidai, na hakuna neno lililowahi kunichoma kama lile. Nilikuwa nimempangia hila mtu aliyekuwa na sikio moja tu lililobaki, na sikio lenyewe lilikuwa mimi. Niliinamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda nikalia kwa sauti, na wagonjwa wa wadi nzima wakageuka kutazama. Baba aliniwekea mkono kichwani. Sijui kama alizisikia nywele zangu.

"Sasa niambie ukweli," alisema. "Wewe umeuona huo mguu. Unasemaje?"

"Umekufa, Baba. Ile sehemu ya mbele imekufa. Wakiikata leo, utarudi nyumbani."

Alifumba macho, vilevile alivyokuwa akifumba kando ya trekta. Halafu akasema, "Mwite daktari."

Walimkata mbele ya mguu jioni ileile, wakaacha kisigino. Kidonda kilichukua muda mrefu kupona, akawa analala wadini na mimi nafunga duka mapema kwenda kumpelekea chakula. Mzaha haukumwisha. Aliwaambia wagonjwa wenzake kwamba methali hudanganya, yeye ndiye mkuu, na guu limevunjika kwake. Lakini nilimfuma mara nyingi, akidhani yuko peke yake, akisugua vidole viwili karibu na sikio. Nilisimama mlangoni mpaka amalize, ndipo nikaingia.

Siku aliporuhusiwa kutoka nilileta gari mpaka mlangoni. Nesi Cherono alimsindikiza na magongo yake. Nilifungua mlango wa abiria, nikampangia mto. Baba akasimama kando ya gari, hakuingia.

"Fungua boneti," alisema.

Nyuma yetu kulikuwa na gari jingine lililotaka kupita, na dereva wake akaanza kupiga honi. Siku nyingine ningemwendea nikamwambia jambo. Siku hiyo nilifungua boneti, nikachomoa kijiti, nikakifuta kwa ncha ya leso yangu, nikakichovya tena, nikampelekea Baba.

Alikitazama. Mikono yake ilibaki kwenye magongo.

"Shika wewe," alisema.

Nilichukua tone kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilifumba macho nikalisugua, kama alivyonifundisha. Honi ililia tena, kisha nikasikia Cherono akimkemea yule dereva.

"Unasikia, Mama?"

"Nasikia, Baba."

"Inasema nini?"

"Ni nyepesi," nilisema. "Nyepesi sana, Baba, karibu sawa na maji. Lakini ni safi. Haina mchanga, haijakunywa kitu, haijachoka."

"Itapanda?"

"Itapanda."

Aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akiwaitikia wale wa boda boda. Kisha akanipa magongo, akashika bega langu, akaingia ndani ya gari.